Simama Mbele ya Mlango wa Mama Mukwe

Ninyi mliokuwa sokoni kwetu Kasuku siku ile gari yangu ilipoingia ndani ya mabidoni, yale madumu ya mawese, bila kupiga hodi, mkacheka mpaka mkashika mbavu, niliwaona. Nawajua kwa sura. Leo chekeni tena, maana mambo yameharibika zaidi.

Kwa yule aliyekosa gazeti la wiki jana, nasema kwa kifupi. Mimi naitwa Isidore. Nilifanya kazi ya freni za treni hapa Kindu mpaka nywele zikawa nyeupe. Mke wangu ni Emerance, na mimi namwita Mama Déborah, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza. Baba yake, marehemu Papa Arsène, alituachia gari, Peugeot 404 ya bluu. Wakati wa vita aliifungua kipande kwa kipande, akaigawa kwa ndugu ili wenye bunduki wasiichukue. Injini kwa huyu, milango kwa yule, viti ndani ya ghala la muchele. Yeye mwenyewe akafa kabla ya kuirudisha.

Mimi njo niliyezunguka Maniema nzima kukusanya mwili wa gari ile. Nilipata kila kitu, isipokuwa tamburi nne za freni, yale masufuria mazito ya chuma yanayokaa ndani ya magurudumu na kusimamisha gari. Moja niliikuta Pangi, imening'inizwa kwenye kanisa dogo, wanaigonga kama kengele. Nikaiomba. Mchungaji akaniuliza kama nimekuja kuiba sauti ya Mungu.

Tatu zilizobaki hazikuonekana. Mara nyingi nilimtuma Emerance amuulize mama yake, Mama Pélagie. Jibu lilikuwa moja tu: "Vita vilikula."

Basi tukaamua kuweka freni za disiki, za kisasa. Siku ya kwanza ya kuijaribu nikampakia mama mukwe mwenyewe. Nikakanyaga pedali, mguu ukazama mpaka chini, gari ikapita kanisa, ikapita mwenye kuuza samaki, na mama mukwe akatokea ng'ambo ya pili ya mabidoni akiwa na mawese mpaka magotini. Emerance akamshika mama yake mkono, wakavuka mto, wakaenda kukaa kwao Alunguli.

Kabla ya kupanda mtumbwi aligeuka, akaniambia maneno ambayo nayasikia mpaka leo.

"Papa Déborah, nitarudi siku utakuja na hii gari ya papa yangu, usimame mbele ya mlango wa mama kama muntu wa akili, bila kugonga ata kuku. Ukishindwa, usinihesabu tena ndani ya nyumba yako."

Jamani, nyumba bila Emerance ni mateso. Nilipika sombe, majani ya muhogo, mbwa wa jirani akainusa, akaniangalia kwa huruma, akaondoka. Lakini chakula si kitu. Nilikosa sauti yake. Nilikosa hata matusi yake ya asubuhi. Nasema wazi, mwenye kucheka acheke: nilimtaka mke wangu.

Nikaenda kwa Djuma.

Djuma ni rafiki yangu tangu tulipokuwa tunaiba maembe pamoja. Ni fundi wa magari, na yeye njo aliyezitoa zile disiki kwenye mizoga ya taxi mbili akaziweka kwenye gari yangu. Nilimkuta chini ya gari, miguu tu inaonekana.

"Isidore, iko hewa ndani ya bomba," alisema kutoka kule chini.

"Vizuri. Iache."

Miguu ikatulia. "Unasema nini?"

"Nasema iache! Hewa njo freni. Mimi nimesimamisha treni yenye mabehewa yamejaa muchele na watu juu yake, na niliisimamisha na nini? Na hewa!"

"Hii haiko treni."

"Freni ni freni."

Djuma akatoka chini ya gari, uso umejaa mafuta. "Sikiliza, muntu wa reli. Hii inafanya kazi na mafuta. Ukikanyaga pedali, mafuta inasukuma, disiki inabanwa. Lakini hewa inajikunja. Unakanyaga, hewa inajikunja, wewe unaenda sokoni."

"Donc, yaani mimi sijui freni?"

"Ya treni unajua. Hapa unajua mawese tu."

Nilitaka kumpiga na spana. Lakini nikakumbuka Emerance, nikakaa kwenye kiti cha dereva.

Tukaanza kutoa hewa. Djuma yuko chini, anafungua visi ndogo, ile skrubu ya kutolea hewa, kwenye kile chuma kinachobana disiki. Mimi niko juu, nakanyaga.

"Piga! Piga! Piga! Shika!"

Nashika. Mafuta yanachuruzika. Anafunga.

"Achia! Piga tena!"

Tulipiga asubuhi, tukapiga mchana. Mafuta yanatoka safi kabisa, bila povu, na pedali bado laini kama wali uliozidi maji. Mguu wangu ukaanza kutetemeka wenyewe.

"Mguu wako mubaya," Djuma akasema. "Unapiga kama muntu anaua mende."

"Na mikono yako je? Ilitengeneza nini hapa Kindu ikabaki imetengenezwa?"

Tukanuniana. Nikachukua bidoni ya maji, nikaiinua juu ninywe. Bidoni ilikuwa karibu kuisha, na ile ya kwangu inapitisha mwanga. Maji yakashuka mdomoni kwangu, na hewa ikapanda. Ikaenda kukaa juu kabisa, kwenye kitako cha bidoni, ikatulia kule kama bwana mkubwa. Haikuwa na haraka ya kwenda popote.

Nikaacha kunywa. Nikalala kifudifudi, nikaangalia gurudumu.

"Djuma. Hii visi ya kutolea hewa, mbona inaangalia chini?"

"Njo ilivyo."

"Ku ile taxi ilikuwaka inaangalia chini?"

Djuma akaifuta visi kwa kidole.

"Djuma, nakuuliza. Hewa inakaa juu. Sisi tangu asubuhi tunaitafutia mlango chini."

Djuma akaenda gurudumu la kushoto, akaangalia. Akaenda la kulia, akaangalia. Akavua kofia yake ya msikitini, akajikuna kichwa, akaivaa tena.

"Ya kushoto niliweka kulia," alisema polepole. "Na ya kulia niliweka kushoto."

"Mbele tu?"

"Na nyuma."

Wasomaji, niliruka. Nilicheza kama mutoto. Nikamtukana Djuma yeye na ukoo wake wote, akafuta spana zake mpaka nikamaliza. Kisha akasema: "Na wewe ulitaka tuache hewa ndani. Kama tungekusikiliza ungekuwa Kisangani sasa, bila kusimama."

Hapo hakuna aliyemshinda mwenzake. Tukabadilisha vile vyuma, visi zikaangalia juu, hewa ikatoka ikipiga mapovu, na pedali ikawa ngumu kama kichwa cha Djuma.

Sasa, muntu haendi kwa wakwe kudai mke kwa mdomo wake mwenyewe. Lazima awe na msemaji. Djuma akaoga, akavaa kanzu nyeupe, akawa msemaji. Tukatia mbuzi kwenye buti. Na kwa sababu freni ya mkono ilikufa siku tulipoachana na tamburi, waya wake ukakosa pa kushika, tulibeba jiwe moja zuri la kuweka chini ya gurudumu kila tunaposimama.

Nilishuka kwenda kwenye bac, kile kivuko cha chuma kinachopitisha magari ng'ambo ya Lualaba. Mteremko ule mnaujua. Watu waliponiona wakakimbia, mmoja akaacha hata viatu vyake. Nikakanyaga. Gari ikasimama hapo hapo, tii, kama askari mbele ya mukubwa wake. Nikaachia, nikakanyaga tena, nikaachia, nikakanyaga, basi tu kwa utamu wa kusimama. Wabeba mizigo wakapiga makofi.

Ng'ambo, kupanda mlima wa Alunguli, gari ikawa nzito. Nikaongeza moto. Ikalia, ikapanda kwa shida.

"Inanuka nini?" nikauliza.

"Mbuzi," Djuma akajibu, akarekebisha kanzu yake.

Sikio la kufa halisikii dawa, na pua ya kufa haisikii harufu.

Nyumba ya Mama Pélagie iko juu, imeangalia mteremko unaoshuka moja kwa moja mpaka majini. Nilifika polepole, kwa heshima, nikageuza pua ya gari ielekee mto. Kuku mmoja akakatiza mbele yangu bila haraka. Nikamngoja apite. Nikakanyaga pedali. Mlango wa gari na mlango wa nyumba vikatazamana.

Emerance alikuwa amesimama pale, mikono kifuani. Alijikaza asicheke. Lakini mimi namjua mke wangu, shavu lake la kushoto lilikuwa linamsaliti. Moyo wangu ukapiga kama wa kijana. Djuma akashuka, akatia jiwe chini ya gurudumu.

Mama Pélagie akatoka. Mimi, macho chini mara moja. Kwetu, mukwe hamwangalii mama mukwe machoni, hamgusi, hampandishii sauti, na jikoni kwake hakanyagi wala hachungulii. Tangu nimwoe Emerance, sura ya mama yake naijua kwa pembeni tu. Miguu yake njo naijua vizuri sana.

Djuma akasema maneno mazuri, akataja Mungu mara nyingi, akamtoa mbuzi. Mama Pélagie akamwangalia mbuzi meno.

"Muke wake atamupata," akasema. "Lakini mimi njo nilianguka ndani ya mawese. Mimi njo nitakagua. Anitembeze kwanza."

Akapanda nyuma. Tulikuwa tumetundika kitenge katikati ya viti vya mbele na vya nyuma, ili mukwe na mama mukwe wasionane kwenye kioo. Akajipanga nyuma ya kitenge, akavuta pumzi ndefu.

"Kiti hiki kinanuka bado tumbaku ya Papa Arsène," alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Emerance akafuta jicho kwa ncha ya kikwembe alichojifunga. Djuma akaondoa jiwe. Nikatia gia, nikaachia pedali, nikaongeza moto.

Gari haikwenda.

Nikaongeza. Injini ikanguruma, pua ya gari ikainuka kidogo, ikarudi chini. Moshi, kelele, kuku wakakimbia. Gari iko pale pale.

Nyuma ya kitenge sauti ikasema: "Mukwe, tulisema isimame. Hatukusema ihamie kwangu."

Nikazima injini. Djuma akaenda kugusa disiki, akaruka na kidole mdomoni.

"Moto! Yesu na Maria!" Muislamu huyo.

"Nini?"

"Pompi. Pompi ya freni njo ile ile ya zamani, ya tamburi. Ile inabakizaka presha kidogo ndani ya bomba, ata ukiachia pedali. Tamburi iko na springi ya kurudisha. Disiki haina. Kila ukikanyaga, inabana, haiachii muzuri. Inapata moto, inabana zaidi. Na wewe pale kwa bac ulikuwa unakanyaga kama unacheza ngoma!"

"Sasa tufanye nini?"

"Tungoje. Zikipoa zitaachia zenyewe. Lakini kila safari itakuwa hivi. Dawa yake ni moja, kurudisha tamburi. Na tamburi vita vilikula."

Akarudisha jiwe chini ya gurudumu. Nikatoa gia ili tujaribu kuisukuma kinyumenyume, tukasukuma mpaka kanzu ya Djuma ikapasuka mgongoni. Bure. Mama Pélagie hakushuka. Alisema amepumzika, kiti ni cha mume wake, tusimsumbue.

Nikamgeukia Emerance. "Mama Déborah, gari imesimama mbele ya mlango. Sikugonga ata kuku. Twende kwetu, ata kwa mtumbwi."

"Nilisema nitarudi na hii gari. Gari haiondoki, mimi naondoka na nini? Mimi niko muntu wa neno moja." Akageuka, akaenda jikoni kuangalia muchele wake.

Niliumia. Nilitoka kwenye mabidoni ya mawese, nikatoa hewa mpaka mguu ukafa ganzi, nikavuka Lualaba, nikasimama kama muntu wa akili, na bado nimemkosa mke wangu, hatua chache tu kutoka mkononi. Nikaingia chini ya gari. Nilisema naenda kuangalia bomba. Ukweli, nilitaka mahali pa kufichia uso.

Nikalala pale, shavu kwenye udongo. Na kutoka pale chini, bila kutaka, bila kuchungulia, macho yangu yakapita chini ya gari, yakaingia kwenye mlango mfupi wa jikoni ya mama mukwe.

Nikaona miguu ya Emerance. Nikaona moto. Nikaona chungu cha muchele, na chini yake mafiga. Mafiga matatu meusi, ya mviringo, ya chuma. Na kwenye chuma kile, matundu yaliyopangwa vizuri kwa duara, mwanga wa moto unapita ndani yake.

Yalikuwa matundu ya bulo, zile bolti za gurudumu.

Niliinuka, nikasahau niko chini ya gari. Nundu ninayo mpaka leo.

"Mama Déborah! Chungu kimekaa juu ya nini?"

"Juu ya mafiga. Kwenu kinakaa juu ya nini?"

"Mafiga ya nini?"

"Ya chuma. Ya mama. Tangu nikiwa kijana napikia hapa, leo njo unauliza?"

Wali wa harusi yetu ulipikwa pale. Wali wa ubatizo wa Déborah. Miaka yote ile natafuta tamburi mpaka Pangi, kumbe nazila kila sikukuu, nashukuru, naongeza mchuzi.

Nyuma ya kitenge springi za kiti zikalia. Kisha sauti ikasema, kidogo: "Ameona."

"Mama," nikasema, macho kwenye gurudumu, "ulituambia vita vilikula."

"Papa Arsène alinipa zile usiku ule alipofungua gari. Alisema: Pélagie, hizi usimuonyeshe muntu mupaka vita viishe. Nikaziweka mahali muume hafikishi macho. Askari waliingia humu, wakabeba mbuzi, wakabeba godoro, wakakula muchele kutoka juu yake. Hawakuona kitu."

"Mama yangu, lakini vita viliisha!"

"Viliisha?" Kitenge kikatikisika. "Nani alikuja kuniambia vimeisha? Radio kila asubuhi inasema vita. Jana imesema vita. Leo imesema vita. Nilikuwa nangojea."

Djuma akaangalia mto. Wewe unayesoma, kama ulikuwa na jibu la kumpa mama yule, ungekuja wewe kulitoa.

Mwisho Djuma, kwa kuwa ni msemaji, akakohoa. "Mama, tunaomba zile tamburi. Ata mbili tu, za mbele."

"Figa moja haliinjiki chungu. Unataka kuniachia moja nifanye nini, nilikalie?" Tukasikia akipigapiga kiti cha mume wake. "Muchukue zote. Lakini muanamuke anakaa kule mafiga yake iko. Mafiga ikienda Kasuku, na mimi naenda Kasuku. Nitapika juu ya mawe, kwa mukwe wangu."

Emerance alikuwa ametoka jikoni, mwiko mkononi. Aliniangalia. Sijawahi kuona macho yanayong'aa vile.

Nikafikiri haraka. Mama mukwe ndani ya nyumba yangu. Macho chini kwenye sebule yangu mwenyewe, macho chini mezani, macho chini nikienda kuoga. Nitakufa shingo imepinda.

Nikamwangalia Emerance tena.

"Karibu kwetu, Mama," nikasema.

Emerance akapiga kigelegele. Alinishika mkono mbele ya watu, kitu ambacho hakifanyi. Nikasikia raha mpaka kwenye nundu.

"Basi mara moja, kabla Mama hajabadilisha mawazo!" akasema. Djuma, ambaye si mukwe wa mtu pale, akaingia jikoni na jembe, akaanza kuzivuta zile tamburi za moto kutoka kwenye majivu, moja, nyingine, nyingine. Mimi nikazipokea nje, nikazimwagia maji, nikazikuna masizi na kucha. Nzima! Hazina ufa! Nikasema nitalia.

Lakini muchele ulikuwa haujaiva. Emerance akatafuta mawe ya kuinjikia chungu. Moja akalipata karibu na ukuta. La pili chini ya mti wa mupapai. La tatu akalitafuta huku na huku, akaliona, akainama, akalibeba.

Nilimuona akilibeba. Nilimuona kwa macho yangu haya, nikafikiri tu: mke wangu ana nguvu.

Kisha nyuma yangu kitu kikalia: kak.

Disiki zilikuwa zimepoa.

Nilipogeuka, gari ilikuwa inaondoka. Polepole, bila injini, bila dereva, bila jiwe. Na kutoka nyuma ya kitenge nikasikia sauti ya mama mukwe, ya furaha:

"Eeeh, mukwe! Sasa umejua kuendesha! Hivyo hivyo, polepole!"

"Mama!" Emerance akapiga kelele, na mwiko ukaanguka.

Nilikimbia. Djuma alikimbia, kanzu imepasuka, inapepea. Mteremko ukashika gari, gari ikashika mteremko. Mbele, Lualaba, na bac iko katikati ya mto, imekwisha kuondoka.

"Mukwe, sasa unaharakisha," sauti ikasema. Kisha kitenge kikafunguliwa. Kisha: "Mukwe? Uko wapi?"

"Niko huku, Mama! Nje! Panda mbele! Kaa kwa kiti changu!"

"Mimi? Kwa kiti cha mukwe?"

"Panda, Mama, nakuomba kwa jina la Papa Arsène!"

Nikaona vitenge, nikaona mguu, nikaona kilemba kikipita juu ya kiti. Mama Pélagie akaanguka nyuma ya usukani.

"Iko tatu hapa chini! Nikanyage gani?"

"Ya katikati!"

Alikanyaga. Mama yule alikanyaga kwa hasira yote ya tangu vita. Magurudumu yakalia, vumbi likapanda, wauza samaki wakatawanyika, na gari ikasimama. Magurudumu ya mbele yakiwa ndani ya maji, ya nyuma kwenye udongo, na mbele pale njo kina kinaanza.

Watu wakapiga makofi. Mama Pélagie akatoa kichwa dirishani, kilemba kimeangukia sikio. "Muliona? Mimi njo nimeisimamisha! Mimi!"

Emerance akafika, amekosa pumzi, anacheka na kulia pamoja. Akaniegemea begani. Nikasema, Mungu wangu, imekwisha.

Djuma akanivuta mkono. Hakuwa anacheka.

"Isidore. Sikia."

Nikasikia. Chini ya gari, pale magurudumu yalipozama, maji yalikuwa yanachemka kidogo: shiii.

"Mto unapoza disiki," Djuma akanong'ona. "Zitaachia. Asitoe mguu. Kwa kila kitu, asitoe mguu mupaka tulete kamba."

Nikageuka. Nikasahau kila kitu nilichofundishwa. Niliinua macho, nikamwangalia mama mukwe usoni kwa mara ya kwanza tangu niingie katika ukoo ule, nikapaza sauti ambayo walisikia mpaka Kasuku:

"USITOE MGUU!"

Watu wa gati wote wakanigeukia. Mama Pélagie akaniangalia. Ana macho ya Emerance, sikuwa najua.

"Unanipigia kelele?" akauliza polepole. "Mimi, Pélagie? Unaniangalia machoni na kunipigia kelele, mbele ya watu wa bac?"

"Papa Déborah!" Emerance akaniachia bega. "Unamufokea mama yangu?"

"Hapana, Mama, nisikilize, mguu..."

"Kwa kiti cha muntu asiye na heshima," Mama Pélagie akasema, akikusanya vitenge vyake, "mimi sikai ata kidogo."

Na akainua mguu.